Mama ana operesheni ya nyongo Jumatano, anachoma Ozempic na anakunywa Jardiance, zinasimamishwa lini?

BintiTanga (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada hasa kwa mnaofanya kazi hospitali au mliowahi kuuguza mtu mwenye sukari akapelekwa thieta.

Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya pili muda mrefu, na presha. Siku za karibuni amesumbuliwa sana na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, akila tu chapati au kitu cha mafuta usiku halali, wakampiga ultrasaundi wakakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kapangiwa operesheni ya matundu Jumatano ijayo, atapigwa nusukaputi. Dawa zake ni metfomini asubuhi na jioni, Jardiance moja asubuhi, ya presha moja usiku, halafu kuna hii sindano ya Ozempic anachoma kila Jumamosi, dada yangu yuko Muscat ndiye anamtumia. Alianza na dozi ndogo akawa anapanda, Jumamosi iliyopita ndio kachoma ya 1 mg kwa mara ya kwanza na tangu hapo anashiba haraka, wali anakula vijiko vichache anasukuma sahani, afu anacheua cheua mpaka usiku.

Sasa shida ni hii. Karatasi waliyompa kliniki inasema asile kuanzia saa sita usiku na dawa ya presha anywe kama kawaida. Basi. Dawa za sukari hakuna neno. Na hiyo sindano haiko hata kwenye faili lake maana mama hakuitaja, anasema "wataniuliza nani kakuandikia, nitajibu nini?" Nimejaribu kugugo ndio nikachanganyikiwa zaidi, huyu anasema simamisha wiki nzima, yule anasema endelea tu, mwingine anasema inakaa mwilini mwezi na zaidi. Jumamosi ni keshokutwa. Achome asichome? Na Jardiance je?

mzee_wa_kijiwe

Pole sana dada. Mimi naona aache dawa zote za kizungu kuanzia leo mpaka apone, mwili uwe msafi. Operesheni na madawa mengi haviendani kabisa. Shemeji yangu alifanyiwa ngiri, wiki nzima hakunywa kitu na alitoka salama salimini.

Fundi_wa_Usingizi

Mzee wa kijiwe hapana, kwa heshima zote. Shemeji yako yawezekana hana sukari. Mwenye sukari akitupa dawa zote wiki nzima anafika thieta inasoma 18 au 20, operesheni inaahirishwa, na wakiamua kuifanya hivyo hivyo kidonda kinachelewa kufunga na usaha unakuwa jirani. Kila dawa ina siku yake ya kusimama, na ipo ambayo haisimami kabisa.

BintiTanga, mimi niko idara ya usingizi, hospitali ya mkoa, kazi yangu ndio kulaza watu na kuwaamsha. Mgonjwa simuoni kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa daktari wa usingizi atakayemlaza mama, mimi nakueleza ili kesho ukipiga simu ujue unauliza nini. Na nasema kesho kwa makusudi kabisa, kesho ni Ijumaa, ukiacha ipite kliniki nyingi wikiendi hupati mtu na Jumamosi ndio siku ya sindano, na Jumapili ndio siku ambayo Jardiance inatakiwa iwe imeshasimama. Nitafika huko.

Tuanze na sindano. Ozempic, Wegovy, Victoza, Saxenda, Trulicity, hizo zote ukoo mmoja, Mounjaro nayo humo humo. Moja ya kazi zake ni kuchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, ndio maana mtu anashiba vijiko vichache. Sasa sisi tunaposema usile masaa 6 kabla ya usingizi, 8 kama ni chakula cha mafuta, tunahesabu tumbo la kawaida. Kwa anayechoma hizi sindano hesabu hiyo inaweza isikubali, wapo waliofunga usiku mzima na asubuhi ukiweka ultrasaundi tumboni unaona wali wa jana upo. Ukishapigwa nusukaputi koo halijilindi tena, chakula kikipanda juu kinaingia kwenye mapafu. Kupaliwa ukiwa macho unakohoa yanaisha, kupaliwa ukiwa umelala na asidi ya tumbo ikashuka kwenye mapafu ni ICU hiyo, wodi ya mahututi, na wengine hawatoki. Haitokei mara nyingi, nisikutishe, ila ikitokea ni mbaya, na operesheni ya matundu wanajaza gesi tumboni ambayo nayo inabana tumbo la chakula.

Kwa nini intaneti inakuchanganya: kwa sababu ushauri wenyewe umebadilika. Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani walisema sindano ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla, ya kila siku isimamishwe siku ya operesheni. Watu wakauliza, dawa yenyewe nusu yake tu ndio inatoka ndani ya wiki, sasa wiki moja inasaidia nini? Na ukitaka itoke yote unasubiri kama wiki 5, mwenye sukari utamwacha wiki 5 bila dawa? Ndio Oktoba 2024 wakakaa pamoja na vyama vya madaktari wa tumbo na wa upasuaji wakalegeza, kwamba wengi wanaweza kuendelea nayo ila kila mgonjwa apimwe hatari yake. Waingereza Januari 2025 nao wakasema endelea nayo. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wa 2023 na wa 2025 vinagombana usishangae.

Lakini sasa soma vizuri nani anahesabiwa yuko kwenye hatari: aliye bado kwenye kupandisha dozi, aliye kwenye dozi kubwa, anayechoma ya wiki, mwenye kichefuchefu, kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo, na mwenye ugonjwa mwingine unaolegeza tumbo, na sukari ya miaka mingi yenyewe inaweza kulegeza tumbo hata bila sindano. Halafu rudi usome ulivyoandika mwenyewe kuhusu mama. Kapandishwa Jumamosi iliyopita, anashiba haraka, anacheua. Mama yako hayumo kwenye lile kundi la "endelea tu". Mimi ningekuwa ndiye namlaza ningeomba asiichome ya Jumamosi hii, na hata hivyo ningemchukulia kama mtu mwenye tumbo limejaa. Kuruka sindano moja sukari haitaruka sana maana ya wiki iliyopita bado imo mwilini, ila apime mara nyingi zaidi.

Sasa Jardiance, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu watu wote wanaongelea sindano na hiki kidonge kimya kimya ndicho kinanitisha zaidi.

Jardiance, Forxiga na wenzake wanamwaga sukari kwenye mkojo. Vizuri tu siku za kawaida, na wenye moyo kuchoka na figo wanapewa pia. Ila mtu akifunga kula, mwili umebanwa na operesheni, insulini iko chini, mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa asidi, zile ketoni. Kawaida tukisikia ketoni tunategemea sukari iko juu, 20 na kuendelea. Kwa hawa wa Jardiance sukari inasoma 9, inasoma 11, kila mtu wodini ameridhika, na damu inazidi kuwa asidi. Mgonjwa anahema haraka haraka, anatapika, anasema tumbo linauma, na kwa kuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya tumbo kila mtu anasema ni kidonda hicho au dawa ya maumivu. Wanampa ya kutapika wanaondoka. Asiyepima ketoni hapo hajui kitu mpaka mtu amezama. Ndio maana FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, tangu Machi 2020 imesema Jardiance, Forxiga na Invokana zisimamishwe angalau siku 3 kabla ya operesheni ya kupangwa, na Steglatro siku 4. Waingereza wao wanasema siku moja kabla na siku yenyewe. Mimi ningekwenda na zile siku 3, sioni anachopoteza. Kwa mama: cha mwisho anywe Jumamosi asubuhi, Jumapili asinywe, Jumatatu, Jumanne, na Jumatano yenyewe asinywe. Ulizia wakuthibitishie hilo kesho.

Na kuna mtego hapa katikati. Siku hizi kwa mtu wa sindano tunapenda siku nzima ya kabla ya operesheni atumie vya majimaji tu, supu iliyochujwa, uji mwepesi, juisi, chai, hakuna ugali wala nyama, ili tumbo liwe na kitu chepesi cha kusukuma. Vizuri. Lakini ukimwekea mtu majimaji tu na bado anameza Jardiance umemwandalia ketoni kwa mikono yako. Hivi viwili vinakwenda pamoja, kidonge kisimame ndio majimaji yaanze, na hayo majimaji yawe na sukari kiasi, asikae na maji matupu kutwa nzima.

Mwisho, kuhusu aibu. Mwambie mama kwamba mimi sina muda wa kuuliza nani kamwandikia. Ninachotaka kujua ni jina, dozi, na mara ya mwisho lini. Nikijua, namlaza kwa njia nyingine kabisa: kichwa kinainuliwa, naweka mpira kwenye koo haraka bila kumpampu hewa kwa barakoa, mashine ya kunyonya iko kichwani imeshawashwa, pengine naangalia tumbo na ultrasaundi kwanza kabla sijagusa dawa. Nisipojua namlaza kama watu wote.

BintiTanga

Fundi Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Kumbe hicho kidonge! Hakuna mtu aliyewahi kutuambia lolote.

Maswali kidogo. Asubuhi ya Jumatano anaruhusiwa chai? Mama bila chai hasemeshwi. Na sukari ikishuka akiwa amefunga afanyeje, maana nikimpa kitu watasema amevunja masharti. Na aibu nyingine hii, nimemhoji leo vizuri amekiri kuna majani ya kupunguza tumbo anauziwa na jirani, anachemsha kila usiku.

Bi_Kiembesamaki

Mie nipo Leicester na nipo kwenye Mounjaro, sina sukari, yangu ni uzito na magoti. Nimebadilishwa goti juzi juzi tu kwa hiyo haya bado mabichi.

Huku nesi wa kabla ya operesheni aliuliza mwenyewe, "unatumia sindano yoyote ya kupunguza mwili, hata ya kununua mtandaoni?" hiyo "hata ya kununua mtandaoni" kaisema kwa msisitizo kabisa, maana wengi wanazinunua wenyewe na daktari wao wa kawaida hajui, haimo kwenye rekodi. Wakaniambia nisiiache ila nikianza kutapika au tumbo kujaa niwapigie. Siku ya kabla nikala vya majimaji tu, nlikaa na supu nikiwatazama wenzangu wanakula biriani, basi tu. Asubuhi yake daktari wa usingizi akaja na kimashine kidogo, akanilaza ubavu wa kulia, akanipaka jeli chini ya kifua akaangalia, akasema tumbo tupu twende. Nikachomwa ganzi ya mgongo, sikulala usingizi kamili, hata nyundo nlikuwa naisikia.

Kwa hiyo si kwamba wametufungulia mlango, wanasema endelea lakini wanauliza sana. Bila ya kuuliza hiyo "endelea" haina maana.

Fundi_wa_Usingizi

Asante Bi Kiembesamaki, na hilo la ganzi ya mgongo ni jambo la kuulizia kwa goti, ngiri, tezi dume, upasuaji wa uzazi. Kwa nyongo ya matundu sehemu nyingi watataka nusukaputi tu.

BintiTanga, chai ya rangi bila maziwa ni ruksa mpaka masaa 2 kabla kwa mtu wa kawaida. Maziwa yakiingia inahesabika chakula, masaa 6. Ila kwa mama na huko kucheua kwake watakuambia wenyewe, wanaweza kumbana zaidi, hapo usishindane nao. Na muombe apangwe wa kwanza asubuhi, hilo ni haki ya mtu wa sukari kuliomba na wengi wanakubali, tofauti ya kuingia saa mbili asubuhi na kuingia saa nane mchana ukiwa na njaa ni kubwa mno.

Sukari ikishuka: chini ya 4 haisubiri ruhusa ya mtu. Akiwa nyumbani anywe maji ya glukosi, ile ya unga ya dukani, isiwe juisi ya embe wala soda wala maziwa wala biskuti, kisha mkifika mseme "saa fulani alishuka akanywa hiki". Akiwa wodini amwambie nesi amwekee dripu ya glukosi. Operesheni ikisogezwa masaa mawili mbele ni afadhali kuliko mtu kuzimia kwenye benchi. Wenyewe tunapenda aingie akiwa kati ya 6 na 10, mpaka 12 tunavumilia.

Majani yaachwe leo. Yamekwisha. Sababu atakueleza mwenye duka la dawa kama yupo humu.

MfamasiaMvita

Nipo. Hamjambo wenzangu, mimi niko Mombasa nyuma ya kaunta na haya nayaona kila siku.

Hayo majani shida yake hakuna ajuaye ndani mna nini. Baadhi ya chai na vidonge vya kupunguza mwili duniani vimepimwa vikakutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na presha. Sasa mtu aende usingizini na kitu kinachompandisha presha na mapigo ya moyo na daktari hajui, si mchezo. Mengine yana dawa ya kuharisha tu, mtu apungua maji na potasiamu, akifika thieta moyo unaruka ruka. Mwambie mama pakiti yenyewe aibebe, asiitupe, waione.

Na la pili nalotaka kusema, watu wajua jina la boksi hawajui lililomo. Jardiance hujificha. Kuna Synjardy, hiyo ni Jardiance na metfomini kidonge kimoja. Xigduo ni Forxiga na metfomini. Na za India ziko tele na kila moja ina jina lake. Angalieni yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, ukiona linaishia na gliflozin, hiyo ndiyo anayosema Fundi. Nimewahi kupata mteja ameambiwa "acha Jardiance", akaacha, nyumbani akawa na boksi jingine la mchanganyiko alilopewa kliniki nyingine na hilo akaendelea kulimeza kwa roho safi. Nikamwambia mama leta mfuko mzima hapa juu ya kaunta tuvitoe kimoja kimoja.

Metfomini ni mpole, wengine wasema siku ya operesheni usimeze, wengine waruhusu, hapo fuata hospitali yako, ila kama figo ni dhaifu au atapigwa picha ya kuchomwa rangi waambie. Vidonge vya sukari vya ukoo wa Diamicron, Amaryl na ile ya zamani glibenklamide, asubuhi ya operesheni usimeze kamwe, hizo hulazimisha kongosho litoe insulini ukiwa umekula au hujala, sukari yaporomoka ukiwa njaani. Mama wa BintiTanga simuoni nazo lakini wengine mtasoma hapa.

Wenye phentermine ya kupunguza mwili semeni siku kadhaa mbele, hiyo yachezea presha chini ya usingizi. Na kama kuna yeyote ametumiwa Contrave au Mysimba, vidonge vya kupunguza mwili, kutoka nje, ile ina naltrexone ndani, ambayo hufunga njia ya dawa za maumivu kali kama mofini. Utapasuliwa, utachomwa mofini, na maumivu yatakaa pale pale. Yataka isimamishwe siku 3 kabla, na ina dawa nyingine ndani yake kwa hiyo mwenye kuiandika ndiye akupangie.

Na dada wa Muscat pia, salamu zangu kwake, mwambie Ozempic ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, na aangalie ainunue wapi, Shirika la Afya Duniani Juni 2024 lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa nchi tatu. Peni ya sindano iliyokuja kwenye begi la mtu safarini sijui imepigwa jua kiasi gani.

mzee_wa_kijiwe

Sawa nimenyanyua mikono. Ila mbona mnasema ipo dawa ambayo haisimami kabisa, ni ipi hiyo?

kaka_aina_ya_kwanza

Insulini mzee, kwetu sisi wa aina ya kwanza. Mimi nina aina ya kwanza tangu utotoni na hii ndiyo sehemu inayonikera mpaka leo. Nikiwa nimefunga kula hospitali fulani kwa ajili ya operesheni ya mguu, nesi wa zamu akasema "huli, kwa hiyo huchomi". Ile ya muda mrefu. Nikamwambia sista mimi mwili wangu hautengenezi hata tone, nisipochoma ya msingi naingia ketoni hata nisipokula punje. Akasema ndio utaratibu wa wodi. Ikabidi nimpigie simu daktari wangu wa sukari, akaongea naye, ndio nikachomwa. Asubuhi ile kama ningenyamaza kwa adabu ningekuwa hadithi nyingine.

Ya muda mrefu kama Lantus kawaida wanapunguza kidogo tu, wanakupa kama asilimia 75 mpaka 80 ya dozi yako usiku wa kuamkia operesheni. Zile za mchanganyiko kama Mixtard, wengi wa Tanzania ndio tunazo, asubuhi hiyo mara nyingi wanakupa nusu na wanakuangalia. Ya haraka ya kuchoma kwa chakula, hiyo kama huli huchomi, hiyo ndio kweli. Mtu asijipangie lakini, muulize anayekutibu, ila usikubali "acha zote" kama una aina ya kwanza. Beba na mashine yako ya kupimia na vijiti vyake, wodi nyingine kuna mashine moja inazunguka vitanda vyote.

Fundi_wa_Usingizi

Kaka umemaliza. Na vijiti vya ketoni vya mkojo mkivipata vibebeni, bei yake si kubwa, ila jueni vya damu ni bora zaidi kama hospitali inavyo.

Niongezee la baada ya operesheni kabla sijaingia zamu. Watu wakiamka tu wanarudi kwenye vidonge vyao vyote, hapana. Jardiance haianzi mpaka anakula na kunywa kawaida, hatapiki, angalau siku moja au mbili zimepita, kwa operesheni kubwa zaidi ya hapo. Metfomini ikishajulikana figo ziko sawa na anakula. Sindano ya Ozempic mpaka tumbo limetulia, na akiruka wiki kadhaa asirudi na dozi ile ile ya juu, wanaweza kumwanzisha chini tena, vinginevyo atatapika na mishono ya tumbo itamuua kwa maumivu. Na msishtuke sukari ikipanda siku ya kwanza, sisi wenyewe mara nyingi tunachoma deksamethasone ya kuzuia kutapika na hiyo inapandisha, ukichanganya na mshtuko wa upasuaji unaona 13, 14. Wanaishusha kwa insulini kidogo wodini.

Dalili za kupiga kelele hata kama sukari inasoma vizuri: kuhema haraka, kutapika kusikoisha, tumbo kuuma kuliko jana, kuchanganyikiwa. Mwambie nesi neno hili hili "alikuwa anatumia Jardiance, naomba mpime ketoni". Sema hivyo hivyo, usizunguke.

BintiTanga

Mrejesho wakuu. Nimepiga simu asubuhi, nikapokelewa na mtu wa mapokezi akasema njooni Jumanne, nikamwambia Jumanne imechelewa, akaniunganisha na daktari wa usingizi. Kusema kweli kaongea vizuri sana. Kauliza jina la sindano, dozi, siku, na dalili, kimya kidogo, kisha akasema Jumamosi asichome, Jardiance mwisho kesho asubuhi, Jumanne majimaji tu, metfomini Jumatano asimeze, majani yaishe leo. Atakuwa wa kwanza kuingia. Na akasema Jumatano wataangalia tumbo na ultrasaundi, kama bado limejaa ataamua kuahirisha au amlaze kwa tahadhari. Hakuuliza kabisa nani kaandika, mama alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu, nikamuona anapumua.

Kauliza pia mama amepungua kilo ngapi na kwa muda gani, akasema mtu akipungua haraka mawe ya nyongo ni rahisi kutokea na hizi sindano zenyewe zina onyo hilo. Mama sasa kakasirika na dada wa Muscat, hilo nalo ni kesi nyingine ya kwenye grupu la familia.

Bi_Kiembesamaki

Mwambie asimkasirikie, sukari yake bila ya shaka imeshuka pia. Akitoka salama ndio wakae na daktari wa sukari waamue kama aendelee nayo, kwa cheti safari hii.

mzee_wa_kijiwe

Na ikiwa dharura je? Mtu kachoma jana, leo kidole tumbo kimepasuka, nani wa kusubiri siku 3?

Fundi_wa_Usingizi

Hakuna kusubiri mzee, anaingia. Anayemleta aseme tu dawa gani na lini, tunamchukulia kama aliyetoka kula sasa hivi, dripu ya glukosi na insulini kama inahitajika, ketoni zinapimwa kabla na baada. Ndugu wakija na mgonjwa anayelia tumbo wabebe mfuko wa dawa zake wote, pamoja na peni iliyo kwenye friji. Hiyo ya friji ndiyo huwa inasahaulika.